Mpaka Aliopanda Baba

Jumapili, 12 Julai 1981

Daftari jipya, jalada la bluu, kutoka duka la Wamae. Nisipoandika nitapasuka.

Tulimzika Baba Jumatano. Leo baada ya kanisa kaka yangu Kingori amekuja, hajavua hata koti, akaketi kwenye kiti cha Baba. Kile kiti! Udongo wa kaburi haujashikana. Akanywa chai yangu, akasifu maziwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya mzee wa kanisa — maana ndiye mzee wa kanisa — nitahama lini.

Nihame niende wapi? Akasema mwanamke ana kwake, na kwangu ni Othaya kwa mume. Mume! Miaka saba tangu nitoke kwa yule mtu na jino moja pungufu. Na ni Kingori huyu huyu aliyekuja kunichukua, akambeba binti yangu Ngendo mabegani mpaka hapa Wamagana. Siku hiyo alikuwa kaka. Leo sijui ni nani.

Ati shamba ni la wanaume. Ati yeye na mdogo wetu Theuri watagawana nusu kwa nusu, mimi nitaachiwa mpaka nivune mahindi. Asante sana, bwana mkubwa! Kule Othaya niliambiwa mimi ni mgeni. Hapa pia naambiwa mimi ni mgeni. Sasa mwanamke kwao ni wapi, hewani?

Ekari sita. Terasi zote alizichimba Mama wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza, Baba akiwa kizuizini Manyani. Hati za mashamba zilipoandikwa, jina la Mama halikuandikwa popote. Hata kwa penseli. Kahawa nimeipogoa mimi miaka saba. Baba nimemwosha mimi, nimemlisha mimi. Kingori alikuja Jumapili kumwombea.

Lakini Baba hakuwa mjinga. Mwaka wa sabini na sita, siku ile wanawake wa kikundi cha mabati walipokuja kuniezekea nyumba, alishika jembe na kikapu cha matoka. Itoka ni lile ua letu la mpaka, lenye kichwa chini ya ardhi kama kitunguu kikubwa. Akapanda mstari mmoja, kutoka mwisho wa kahawa hadi mtoni. Akasema, huku ni kwa Warigia. Wanawake kumi na mmoja walimsikia, wengine wakiwa juu ya paa na misumari midomoni.

Kila mtu hapa anajua: anayeng'oa itoka la mpaka anajiletea laana nyumbani. Basi Kingori na aseme anavyotaka. Matoka yapo.

Naandika Kiswahili kwa sababu kabla ya kuolewa nilishona suruali za makurutu wa polisi pale Kiganjo miaka mitano, na huko ndiko nilikojifunza kukasirika kwa Kiswahili. Tena Kingori hukisoma polepole, kidole juu ya neno. Akilipata daftari hili atachoka kabla hajafika kwenye matusi.


Jumatano, 15 Julai

Yamekatwa! Yote!

Nimeshuka na ndoo asubuhi, ukungu mpaka magotini, nikatafuta mstari. Hakuna. Panga limepita chini kabisa, na majani yamechukuliwa, hakuna hata moja. Nyayo za gambuti zinapanda hadi kwa Kingori.

Nimepanda nikamwuliza. Alikuwa anapiga mswaki. Akatema, akaniuliza: mpaka gani?

Nimelia kwenye kahawa. Sioni haya kuliandika. Mama Wacera, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mabati, alinikuta hapo, akaniambia nijifute pua. Akapiga magoti kwenye mstari, akapapasa udongo kwa vidole. Akaanza kucheka. Nilidhani amechanganyikiwa.

Akasema: "Mama Ngendo, huyu kaka yako amekata nywele. Kichwa ameacha."

Kweli! Udongo haukuguswa. Kila itoka liko chini, limelala. Kingori, mzee wa kanisa, anayewaambia watu kila Jumapili waache mambo ya kale — ameogopa laana! Alikuwa na jembe nyumbani, akabeba panga. Wuui, nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka ni Julai, baridi na vumbi, na matoka hayaamki mpaka mvua ya Oktoba.


Ijumaa, 17 Julai

Kwa chifu. Nimevaa gauni la kitenge na viatu vya kufunika.

Amenikaribisha vizuri, akaulizia mafua ya Ngendo. Barua ya warithi, akasema, alishaiandika Jumatatu, Kingori akaichukua kuipeleka korti ya Nyeri. Watoto wa marehemu ni wawili. Wawili! Nikamwuliza mimi nilizaliwa na nani. Akasema nisimletee maneno ya redio, yeye anafuata desturi.

Nikamwambia Baba alinipandia mpaka. Akauliza nani aliona. Nikasema wanawake kumi na mmoja.

"Basi hakuna aliyeona," akasema. Si kwa ubaya. Kama mtu anayekwambia leo ni Ijumaa.

Mabati ya paa lake mwenyewe yalipigiliwa na wanawake hao hao!


Jumanne, 21 Julai

Siku! Siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu, kama ningekuwa nao.

Nimefika kortini Nyeri saa mbili. Nimepelekwa dirisha hili, nikarudishwa dirisha lile, mpaka saa sita nikamfikia karani mmoja wa kike, Wawira, mtu wa upande wa Embu. Miwani mikubwa, kucha zimepakwa rangi, mashine ya kuandika mbele yake. Nikadhani huyu naye atanifukuza. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Hakuuliza kama nimeolewa. Aliuliza swali moja tu: mzee alikufa lini?

Nikasema Jumamosi ya tarehe nne.

"Ya mwezi huu? Uko na cheti?"

Nikampa. Alikisoma mara mbili, akapiga meza kwa furaha. Akaniambia sheria mpya ya mirathi imeanza kazi tarehe mosi Julai. Aliyekufa Juni, yake inakwenda kwa desturi. Aliyekufa Julai, yake inakwenda kwa sheria. Na sheria, akasema, haikuandika wavulana. Imeandika watoto. Awe wa kiume au wa kike.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, na mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasonya.

Bunge liliipitisha sheria hiyo mwaka wa sabini na mbili, Wawira anasema, kisha ikakaa. Miaka tisa kwenye kabati! Mama amekufa ikiwa kabatini. Wanawake wangapi wamefukuzwa kwao ikiwa kabatini? Na ile nyingine, ya kuwalinda wanawake katika ndoa, wabunge waliicheka juzi juzi mpaka ikafa, tukiwasikia kwenye redio. Walikuwa na haraka gani, wao walikuwa na mashamba.

Lakini Baba! Jumanne ile ya tarehe thelathini Juni tulimwita mchungaji. Pumzi zilikuwa zinakatika. Kingori alikuwa amekwisha kuulizia mbao za jeneza. Baba akafungua macho, akaomba uji. Jumatano uji. Alhamisi uji na ndizi. Ijumaa alinitania, ati naunguza uji kama mama yangu. Jumamosi akaenda.

Siku nne, Baba. Hukujua, najua hukujua. Asante.


Jumatatu, 3 Agosti

Nimepinga! Pingamizi limeingia, limepigwa mhuri. Wawira alipiga chapa, mimi nikatia sahihi — jina zima, Warigia.


Jumapili, 23 Agosti

Kanisani. Hotuba ya Kingori: kina mama wanaobomoa nyumba za baba zao. Hakutaja jina. Vichwa vyote viligeuka kwangu kama alizeti.

Nikakaa wima. Ngendo akaniuliza kwa sauti ya chini kama tutoke. Nikamwambia tutoke kwani tumeiba nini?

Nje, wanawake wengi walinipita bila salamu. Warembo wangu wa kikundi pia, wengine. Mmoja aliniambia mume wake amemkataza asinitolee ushahidi, ati dada zake nao wataanza. Hofu yao ndiyo hiyo! Kila mwanamume hapa ana dada mahali.

Mama Wacera alikuja akanishika mkono mbele ya watu wote, akaniuliza kwa sauti ya sokoni: "Kesi ni tarehe gani, nisuke nywele?"

Wakonyo, mke wa Kingori, alikuwa amesimama pembeni na wasichana wake wanne. Aliniangalia. Akaangalia chini. Huyu mwanamke sijawahi kusikia maneno yake kumi kwa pamoja.


Alhamisi, 10 Septemba

Korti. Nimechoka, lakini lazima niandike.

Hakimu si mtu wa huku. Anasema kwa kifupi, anaandika polepole. Kingori alivaa suti ya harusi. Alieleza desturi vizuri sana, hata mimi nilikaribia kukubali! Theuri aliitwa, akasema yeye anafuata atakachosema kaka. Alikuwa anaviangalia viatu vyake. Theuri ni dereva wa lori la mkate, ana wana watatu, moyo wake ni mzuri lakini hauna mgongo.

Mimi nikasema yangu. Kisha wanawake. Wamekuja watatu kati ya kumi na mmoja. Watatu! Lakini hao watatu! Mama Wacera aliulizwa ana uhakika gani Baba alipanda mpaka siku hiyo. Akasema alikuwa juu ya paa, na ukiwa juu ya paa unaona kuliko chifu. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, lakini nilimwona akificha mdomo kwa kalamu.

Hakimu akasema kwa sheria watoto wote ni warithi, hilo ataliandika. Swali ni kama marehemu alinigawia upande ule, wenye nyumba yangu na mto, ama tugawane upya kwa kamba. Tukigawana upya naweza kupelekwa juu kwenye mawe. Nyumba ibomolewe, kahawa yangu iende kwa mwingine.

Hapo Kingori akasimama bila kuulizwa. Akasema hakuna mpaka wowote, hakuna hata jani, korti ije ijionee yenyewe. Alijiamini! Alikuwa amepita hapo asubuhi, ardhi tupu kama kiganja.

Hakimu akakubali. Wazee watano na afisa wa ardhi watakuja Jumanne, tarehe tatu Novemba.

Kingori alitabasamu. Mimi nikahesabu kwa vidole chini ya meza: Septemba, Oktoba. Mvua. Umejiitia mwenyewe, kaka.


Jumatano, 7 Oktoba

Hakuna mvua. Mawingu yanakuja mpaka Mlima Kenya, yanakaa huko kama wageni wa heshima, yanarudi.


Jumanne, 13 Oktoba

Jua. Nimebeba ndoo mbili za maji nikaziweka kando ya mstari. Mama Wacera alinikuta, akamwaga zote mbili kwenye mahindi. Akanifokea hasa! Nikimwagilia, watasema nimepanda juzi. Nisiguse. Nisifunike. Hata nisiangalie sana.

Nisiangalie! Nimeacha kula.


Jumatatu, 19 Oktoba

MVUA. Imeanza saa nane mchana. Mabati yanapiga kelele mpaka sisikii redio, na sijawahi kupenda kelele kama hii. Ngendo na mimi tumesimama mlangoni, mikono nje. Wiki mbili zimebaki. Haraka, haraka!


Jumanne, 27 Oktoba

Ncha ya kijani.

Kisha nyingine, hatua mbili mbele. Kisha nyingine! Nimetembea nikiwa nimeinama mpaka mtoni, kama aliyepoteza sindano. Kumi na saba. Baba alipanda kumi na tisa, mawili pengine yamelala au yameoza, sijui. Kumi na saba, mstari mmoja ulionyooka!

Nimeimba. Kwa sauti. Ng'ombe amenishangaa.


Alhamisi, 29 Oktoba

Ameyaona.

Saa sita mchana ameshuka na jembe. Si panga — kukata tena hakumsaidii, kisiki kibichi kingemsema. Lazima ang'oe. Nilikuwa ndani nashona sketi ya mtu, nikausimamisha mguu kwenye cherehani, nikaangalia dirishani.

Nilitaka kupiga mayowe. Nikaziba mdomo kwa ile sketi.

Alisimama juu ya itoka la kwanza. Akainua jembe. Akalishusha polepole, likagusa nyasi tu. Akaenda la pili. Akainua tena. Akajifuta jasho, na hakukuwa na jua. Alikaa hivyo muda wa kuchemsha maziwa, kisha akaweka jembe begani akapanda kwake.

Nusu ya moyo wangu ilimcheka. Nusu ilimwonea huruma, kwa kweli. Tulikuwa tunacheza hapo hapo kando ya mto tukiwa wadogo.

Alasiri Wakonyo amekuja kuomba chumvi. Chumvi anayo, nilimwona akinunua. Akakaa. Akaizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa. Halafu maneno yake kumi yakaja, na mengine mia baada yake.

Amesema: "Mama Ngendo, mimi niko na wasichana wanne. Kijana sina, na daktari amesema nimefunga. Bwana yangu akishinda hii kesi, ameshinda nani? Ni hawa wasichana wake. Siku akienda, watoto wa Theuri watakuja na maneno hayo hayo, na kiti hicho hicho."

Nikamwuliza kama amemwambia Kingori hivyo. Akasema amemwambia miaka mitatu, na yeye humjibu Mungu atatoa. Mungu ametoa mara nne, akasema, huyu mtu haoni.

Hakusema atafanya nini. Alisahau chumvi.


Jumanne, 3 Novemba

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaanza na mwisho.

Wazee watano walifika saa tatu, makoti, kofia, fimbo. Mkubwa wao ni Mzee Moffat, anayechechemea. Afisa wa ardhi ni kijana wa Meru, Kirimi, ana ubao wa kuandikia na viatu visivyofaa matope. Nyuma yao, watu. Nusu ya Wamagana! Wanawake wa mabati wote kumi na mmoja, hata wale waliokatazwa. Wamesimama upande wangu wa shamba, kanga mabegani.

Matoka yalikuwa yamepita vifundoni. Kwa mvua ile yangefanya nini kingine?

Mzee Moffat alitembea mstari wote, akigusa kila moja kwa fimbo. Kumi na saba. Akamwuliza Kingori kama alisema hakuna hata jani. Kingori akajibu haya yamepandwa juzi. Ati mimi nimeyapanda baada ya kesi, ati nina hila tangu utotoni.

Kirimi akasema ni rahisi: tung'oe moja, tuone kichwa chake. Cha juzi kitakuwa kidogo, cha miaka mitano kitakuwa kikubwa na watoto wake kando. Akaomba jembe.

Haiya! Wazee wote watano walirudi nyuma! Mmoja akasema mgongo wake ni mbaya. Mwingine ati jembe si lake. Kirimi akachukua jembe mwenyewe, Mzee Moffat akamshika mkono akamwambia, kijana, uko na mama nyumbani? Basi weka chini.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliona kesi yangu inakwama hapo, kwa hofu ile ile iliyoniokoa.

Ndipo Wakonyo akapita katikati ya watu. Kikapu kichwani, wasichana wanne nyuma yake. Akakitua mbele ya Mzee Moffat. Ndani kulikuwa na mzigo wa majani makavu, marefu, yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

Akasema, na sauti yake haikuwa kubwa: "Mzee, hakuna haja ya kuchimba. Haya ni majani ya matoka. Niliyapata asubuhi moja ya mwezi wa saba kwa zizi yetu, yamemwagwa. Ng'ombe ilikataa kuyala. Nikaanika. Nilijua siku moja mtu atauliza."

Akaifungua ile kamba.

Mzee Moffat akachukua jani moja, akalilaza kando ya jani bichi. Kisha akamgeukia Kingori. Hakuuliza nani alikata. Angeuliza hivyo, Kingori angekana, namjua. Aliuliza, taratibu kabisa, kama mzee anayeuliza njia: kwa nini hukuchimba?

Na Kingori, kaka yangu, mzee wa kanisa, mwenye suti ya harusi, akamjibu kwa hasira, haraka, bila kufikiri:

"Ningechimbaje mpaka wa baba?"

Alisikia alichosema baada ya kukisema. Sote tulimwona akisikia. Kalamu ya Kirimi ilikuwa imekwisha kuandika.

Mama Wacera alikaa chini kwenye nyasi mbichi akalia. Yule mama wa chuma! Theuri alinijia, akanishika bega, akasema "Dada," akakwama hapo. Imetosha, Theuri. Leo imetosha.


Alhamisi, 26 Novemba

Hukumu. Watoto watatu, sehemu tatu sawa, ekari mbili mbili. Sehemu ya Warigia ni ile ya upande wa nyumba yake, kuanzia matoka, hadi mtoni, kama alivyoionyesha marehemu akiwa hai. Hakimu aliisoma kwa Kiingereza, karani wake akatafsiri, na mimi nilikuwa nimeelewa mara zote mbili.

Kwa hiyo mimi ni mtoto. Miaka arobaini na mmoja, na leo ndiyo nimezaliwa!

Uani wanawake walikuwa wanangoja. Mama Wacera akaanza vigelegele. Kwetu msichana akizaliwa ni vitatu, mvulana ni vitano, ndivyo mtaa mzima hujua aliyezaliwa bila kuuliza. Alipiga kimoja. Cha pili. Cha tatu. Nikadhani amemaliza. Akavuta pumzi, akaniangalia usoni, akapiga cha nne, na wote wakamfuata kwenye cha tano mpaka askari wa mlango akatoka kutazama.

Vitano! Kwa mwanamke mwenye jino pungufu!

Wawira alinipungia mkono kutoka dirishani. Kesho, amesema, kuna wanawake wengine wawili, mmoja kutoka Othaya, mmoja kutoka Kiganjo. Wamesikia.

Kingori alipita bila kunisemesha. Ati atakata rufaa. Na akate. Njia ya kortini sasa naijua nikiwa nimefumba macho.


Jumamosi, 5 Desemba

Naandika nikiwa kizingitini, daftari juu ya goti, kwa sababu jambo hili linatokea sasa hivi na sitaki kulikosa.

Wapima ardhi watakuja Jumatatu. Kingori hajaenda kwa mwanasheria. Siku tisa hajasema na mtu, ila ng'ombe.

Nusu saa iliyopita Wakonyo ameshuka na wasichana wake. Ameniuliza kama matoka yale ya kando ya mto, yaliyoota yenyewe, ni mpaka wa mtu. Nikamwambia si ya mtu. Akasema basi anataka manne.

Sikumwuliza ya nini. Tumeyachimba pamoja, vichwa vikubwa kama ngumi za mwanamume. Kila msichana amebeba lake, matope mpaka viwikoni. Yule mdogo amelikumbatia kama mtoto.

Wamepanda kilima kwenda kwao. Wamesimama katikati ya shamba la Kingori, mstari mmoja, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja mahali pake. Wakonyo hana jembe.

Kingori ametoka nyumbani. Analo.

Amewaangalia. Anawasogelea sasa. Nimesimama — hapana, Warigia, kaa, si shughuli zako hizi.

Amemfikia yule mkubwa. Sisikii anachosema. Wakonyo anaonyesha chini kwa kidole, hapa, kisha hapa. Kingori anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Hajaondoka.

Amegeuka kwangu! Anapaza sauti. Neno lake la kwanza kwangu tangu korti — ananiuliza, Baba alikuwa anachimba kina gani? Nampigia kelele kwamba ni mpaka kiwiko. Jembe liko mkononi, msichana mkubwa ananyoosha itoka lake, na yeye anatazama ardhi, na sasa anainua —